Gari Chukua, Hendeli Sikupi

Mtaani kwetu walimwita Shaba, na jina hilo hakulipata kwa utajiri. Alikuwa fundi wa makochi, mtu wa aproni yenye misumari midogo mfukoni na uzi mnene kati ya meno, na akishamaliza kazi za watu alikuwa na ugonjwa wake mmoja: magari ya kale. Sisemi kale kama lile gari la mjomba wako linalovuja oili kila linapoegeshwa. Nasema yale ya mwanzo kabisa, yaliyotengenezwa watu wakiwa bado wanashangaa kitu kinatembeaje bila farasi. Magurudumu yake yana mbao, taa zake ni za gesi, rejeta ni ya shaba tupu, na honi ni ya mpira wa kubinya, inalia kama bata aliyekanyagwa. Shaba aliweza kukaa kutwa na rejeta moja na kitambaa, anaisugua na kuisemesha. Mkewe alimwambia siku moja, "Ukinisugua mimi mgongo hivyo, nitajua umepona."

Ugonjwa huo una masharti yake. Mtu wa magari haya hataki kitu kipya. Skrubu iliyotoka kiwandani na gari, hata kama kutu imeila nusu, kwake ni bora kuliko mpya zinazojaa debe. Wenyewe huziita "za asili", na hulitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayetaja jina la mchumba. Shaba alikuwa mpole na mwaminifu, hajawahi kuchelewesha kochi la mtu wala kuiba nusu mita ya kitambaa cha mteja. Lakini mbele ya kitu cha asili alikuwa mtoto mbele ya sukari. Balaa nalo halikosi pa kuingilia.

Asubuhi moja alikwenda kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akiishi peke yake nje kidogo ya mji, kwani alisikia ana gari bandani. Bibi alimpokea vizuri, akamwita mwanangu, akamfungulia banda mwenyewe. Turubai lilipovutwa, Shaba alimeza mate. Gari lilikuwa zima. Mbao za magurudumu hazikuwa na ufa, taa zote zilikuwapo, na chini ya vumbi shaba ilikuwa inamngoja. Waliafikiana bei bila kuvutana. Bibi alionekana kama mtu anayetua mzigo.

Ndipo Shaba akainama mbele ya rejeta, akaona tundu tupu.

"Bibi, na hendeli iko wapi?"

Ambaye hajayaona magari haya ajue jambo moja. Hayawashwi kwa ufunguo. Mbele, chini ya rejeta, unachomeka mkono wa chuma uliopindwa, ndiyo hendeli, unauzungusha kwa nguvu mpaka injini ishike. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anainama mbele, mwingine anakaa kitini, kwa sababu chini ya usukani kuna kijiti cha shaba kinachotawala cheche za injini. Kabla ya kuzungusha, kijiti lazima kiwe juu. Kikiwa chini, cheche zinawahi, injini inapiga kinyume, na hendeli inarudi kwa teke la kuvunja mfupa. Kwa hiyo wana desturi yao. Wa mbele, ambaye rejeta inamziba asione, anauliza, "Juu?" Wa kitini anatazama kijiti, ndipo anajibu, "Juu." Bila jibu hakuna kuzungusha. Roho ya mmoja imo kinywani mwa mwenzake.

"Gari chukua," bibi alisema. "Hendeli sikupi."

"Ya asili ipo?"

"Ipo. Haiuzwi. Katengeneze yako, mwanangu."

"Lakini bibi, bila ile..."

Bibi akasogea karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Mwenyewe bado anauliza. Mimi simjibu. Nikikupa wewe, utajibu."

Shaba aliitikia kwa kichwa, kama tunavyowaitikia wazee tukidhani upweke ndio unaosema. Akaahidi atachongesha nyingine. Aliahidi kwa kinywa chake, wala hakulazimishwa. Bibi akafurahi, akaenda jikoni kumchemshia chai.

Shaba akabaki sebuleni. Pazia la chumba cha kulala lilikuwa limekunjwa upande, na chini ya kitanda aliona kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kijani, kimepinda hapa na pale. Umbo hilo alilijua. Alijiambia anakwenda kutazama tu. Akapiga magoti, akafungua. Mshikio wa mti ulikuwa umelainishwa na kiganja cha mtu kwa miaka, na kwenye chuma palikuwa na namba ileile iliyogongwa ubavuni mwa injini. Ya asili. Mikono yake iliirudishia hendeli kitambaa chake vizuri sana, kama fundi anavyofunga kazi ya mteja, kisha ikaitia chini ya aproni.

Chai alikunywa. Ilikuwa na sukari nyingi na hakuisikia ladha. Gari lilipopakiwa kwenye lori, bibi alisimama getini akampungia kwa mikono yote miwili mpaka lori likakata kona. Mikono ile Shaba anaiona hadi leo.

Sasa kulikuwa na mdogo wake, mwokaji mikate, ambaye sote tulimwita Chachu kwa jinsi alivyokuwa akiinua kila mazungumzo anayoingia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeota misuli ya kukanda unga, na ndiyo maana kila gari la kaka yake alikuwa akiliwasha yeye. Mke, watoto na tanuri lake, vyote viliutegemea mkono ule. Alipoiona hendeli alipiga mluzi.

"Bibi kakupa na hii?"

"Kanipa," Shaba alisema, na akajikuta anatafuta kitambaa cha kusugulia ambacho kilikuwa begani mwake.

Alilitengeneza gari kwa mapenzi. Kiti alikivua chote, akakijaza singa mpya, nywele za farasi, akakivalisha ngozi, akakipiga misumari kwa mkono. Nataka uelewe jambo hili juu ya Shaba: alikuwa akisoma viti. Ukimletea kochi kuukuu, anakitazama kibonyeo, alama ya makalio iliyobaki, akakwambia aliyekuwa akilikalia ni mnene au mwembamba, alikuwa akiegemea upande gani, na kama alikuwa na maumivu ya nyonga. Tulizoea kumtania kwamba kwake hatukai, tunasimama.

Siku ya kuliwasha, Chachu akainama mbele, Shaba akapanda kitini, akasukuma kijiti juu.

"Juu?"

"Juu," Shaba akajibu.

Hendeli haikuzunguka. Halafu kichwa cha Chachu kikachomoza juu ya rejeta, uso umejaa kicheko. "Kaka, una haraka ya wapi? Mbona umejibu hata sijauliza?"

Shaba akacheka naye. Makwapa yake yalikuwa yamelowa. Chachu akauliza, akajibiwa, akazungusha, na gari likawaka kwa mzunguko mmoja. Watoto wa mtaa wakapiga makofi. Shaba alikaa kitini gari likitetemeka chini yake, akijaribu kukumbuka sauti aliyoisikia. Haikuwa ya Chachu. Ilikuwa ya mzee.

Baada ya hapo hakuligusa kwa muda. Alisingizia makochi. Kisha adhuhuri moja, mkewe akiwa sokoni, jua likiwa limesimama katikati ya uwanja, aliona haya kuogopa kitu chake mwenyewe. Akapanda kitini na kitambaa, akaanza kukisugua kijiti. Hendeli ilikuwa karakanani, imening'inia msumarini. Aliipita wakati anatoka.

Mbele ya gari mtu alishusha pumzi, pumzi ya mtu mzima anayeinama na mgongo unamuuma.

"Juu?"

Sauti ilikuwa ya upole, kama mume anavyomuuliza mkewe kama maji yamechemka.

Shaba hakujibu. Kitambaa kilimwanguka.

"Juu?"

Hakujibu. Aliteremka taratibu, akazunguka mbele. Hapakuwa na mtu. Hendeli ilikuwa imechomekwa tunduni. Ilikuwa inabembea kidogo.

Aligeuka kukimbilia ndani, na jicho lake la ufundi likapita kwenye kiti. Pale alipokuwa amekaa palikuwa na kibonyeo chake. Kando yake, karibu na kile kijiti, palikuwa na kingine. Kidogo. Cha mtu mwepesi, mwanamke, anayeegemea kushoto.

Kesho yake alifunga hendeli katika kitambaa chake cha kijani, akaitia kwenye mfuko wa kazi, akaenda kuirudisha. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Bibi, nisamehe, tamaa ilinizidi. Alikuwa ameyapanga vizuri, na nadhani angeyasema. Lakini getini alikuta viti vimepangwa uani na watu wanaongea kwa sauti ya chini. Bibi alikuwa amefariki jana yake. Adhuhuri.

Binti wa bibi, mwalimu wa shule, alimtambua kwa aproni. Akamkalisha, akamshukuru kwa kuja. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama alipata taabu siku zake za mwisho," alisema. "Alikuwa akitafuta chuma fulani kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani. Alipiga magoti chini ya kitanda mpaka tukamwinua kwa nguvu. Anatwambia, 'Kapewa mtu. Sasa atajibiwa.'"

Shaba alitazama chini. Mfuko ulikuwa katikati ya miguu yake.

"Baba alikufa kwa lile gari," mwalimu aliendelea. "Walikuwa wamegombana asubuhi, ugomvi wa kawaida wa mke na mume. Akainama mbele, akamuuliza. Mama alikuwa kanuna, anatazama upande. Akajibu juu bila kutazama. Hendeli ikampiga baba hapa." Akagusa kipaji cha uso. "Mama alikuwa akisema, tangu siku hiyo hajaacha kuulizwa." Akajifuta macho, akamtazama. "Ile siku ulipokuja, hukuiona hendeli ile mahali?"

Watu wawili watatu waligeuka kusikiliza. Wote walikuwa wakimtazama yule fundi mwema aliyekuja kutoa pole. Shaba alibana mfuko kwa visigino, nacho chuma kikambana.

"Sikuiona," akasema.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Hawasemi inavyochosha. Shaba alirudi nyumbani na hendeli katika mfuko ule ule. Alijiapiza ataipeleka, ila maonyesho ya magari ya kale yalikuwa yamekaribia, na wakaguzi wa pale huchungulia hadi namba za skrubu. Acha maonyesho yapite, alijiambia. Haitazungushwa. Itachomekwa tu ionekane, gari litasukumwa hadi uwanjani. Hivyo ndivyo alivyopatana na nafsi yake, na nafsi ikajifanya imekubali.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, jua la asubuhi, watu wamevaa, watoto wamebebwa mabegani. Mkaguzi alizunguka gari, akainama, akasoma namba ya hendeli, akaisoma ya injini. Akanyoosha mgongo, akampa Shaba mkono mbele ya wote. "Ya asili," alisema. Neno alilolitamani siku zote liliingia masikioni kama mchanga.

"Liwashwe basi tulisikie!" mtu akapaza sauti, na umati ukadakia. Kabla Shaba hajafungua kinywa, Chachu alikuwa ameshakunja mikono ya shati, anawapungia watoto, anainama.

"Chachu, ngoja."

"Ningoje nini, kaka?"

Ndiyo hapo. Ilimpasa aseme. Kumzuia ilibidi aseme sababu, na sababu ilikuwa na bibi ndani yake, na kitanda, na kitambaa cha kijani, na lile neno sikuiona. Watu wote wanatazama. Mkewe anatabasamu. Mkaguzi ameshika kalamu. Shaba alipima aibu yake na mkono wa mdogo wake, na jinsi alivyopima anaijua yeye na Mungu wake.

Akapanda kitini.

Alisukuma kijiti juu. Akakishika kwa mkono. Akakitazama. Kiko juu. Hatakiondolea macho.

"Juu?"

Hakujibu. Sauti ilikuwa ya upole mno.

"Juu?"

Hakujibu.

"Kaka! Juu?" Sasa huyu alikuwa Chachu, anacheka, pumzi zinamwishia kwa kuinama.

Kiti kikalia. Ngozi mpya hulia ikikaliwa, na Shaba alikuwa ameivalisha mwenyewe, aliijua. Upande wa kushoto ulizama. Hakugeuka. Kijiti kiko juu. Anakiona. Jasho linamwingia machoni. Kiko juu.

"Juu," akasema.

Kitu kikavu, chepesi, kikakaa juu ya mkono wake.

Chuma kilirudi. Mlio wake ulikuwa wa kuni inayovunjwa gotini. Kisha Chachu alipiga ukelele ambao kila aliyekuwapo bado anausikia, na Shaba alipotazama mkono wake, ulikuwa chini. Kijiti kilikuwa chini. Vidole vyake vilikuwa vimekishika.

Mchuma janga hula na wa kwao. Daktari aliunga mifupa kadiri alivyoweza, lakini kifundo hakikurudi mahali pake, na mkono wa kukanda unga ukawa mkono wa kushikia kikombe. Chachu akiwa kitandani, plasta hadi begani, ndiye aliyekuwa akimbembeleza kaka yake. "Ni ajali. Nani hasahau? Acha kulia, unaniaibisha mbele ya manesi." Msamaha ule ulimuuma Shaba kuliko tusi.

Ndipo alipoipeleka hendeli kwa mwalimu, akasema yote, amesimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mkuu wa shule. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti.

"Ungesema siku ile," alisema.

"Najua, dada yangu."

"Mdogo wako angekuwa na mkono wake."

"Najua."

Alimnyooshea ile hendeli. Mwalimu aliitazama, hakuipokea. "Mama alilala juu yake miaka yote ile ili isimfikie mtu. Ulimpokonya kazi hiyo. Ifanye wewe." Akafunga mlango pole pole.

Sasa iko chini ya kitanda cha Shaba. Gari limefunikwa bandani. Wanunuzi huja, wengine na macho yale yale aliyokuwa nayo yeye, na huwageuza getini bila hata kuwapa maji. Kiti hakijakaliwa tena na mtu, na kile kibonyeo kidogo cha kushoto hakiinuki. Singa za farasi huinuka zikipumzika. Hizo hazijainuka.

Na kuna alama. Kwenye kijiti, shaba imefanya weusi wa vidole vinne na gumba. Shaba ametumia kila dawa anayoijua, akatumia na majivu, akatumia na ndimu. Kijiti kizima kinang'aa isipokuwa pale. Kwa muda mrefu alama zile zilikuwa ndiyo faraja yake. Alikuwa akiziendea mchana, anazitazama, anajiambia: ni za bibi. Si mimi. Ni mkono wa bibi.

Hatimaye alimweleza Chachu naye. Wizi, uongo, na ule mkono mkavu. Chachu aliutazama mkono wake uliopinda, kisha akasema, "Nipeleke nikazione."

Wakaenda bandani, jua la alasiri linaingia mlangoni. Chachu aliinama akazitazama alama kwa karibu, mkono wake uliopinda ameukumbatia kifuani.

"Bibi mwenyewe alikuwa na mwili gani?" aliuliza.

"Mdogo. Kama mtoto."

Chachu akatazama alama tena. "Hebu weka mkono wako hapo, kaka."

"Wa nini?"

"Weka tu."

Shaba akaweka. Kidole kwa kidole, na gumba, na hata kile kidole cha shahada kilichokatwa ncha na mkasi wa ngozi zamani, kila kimoja kikaingia mahali pake. Hapakubaki weusi wa kuonekana.

Chachu akasimama wima. Alitazama kidogo, akashusha mkono wa shati ukafunika kifundo kilichopinda, akasema mkewe anamngoja wakawashe tanuri. Shaba alimsikia akifungua geti, akilifunga, hatua zake zikiishia barabarani.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye kijiti. Akajaribu kuutoa, haukutoka. Mbele ya gari mtu akainama, akashusha pumzi, akauliza.